Mchana wa Kutembea, Usiku wa Kulala: Mazoezi na Usingizi Baada ya Saratani ya Matiti

Ndugu zangu manusura, ndugu wa familia mliowasindikiza, wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo, karibuni.

Nina neno moja kubwa leo, na nitalisema mapema ili hata atakayetoka katikati asiondoke mikono mitupu. Mtu aliyemaliza matibabu ya saratani ya matiti na sasa halali vizuri, mara nyingi hahangaiki kwa sababu ya usiku wake. Anahangaika kwa sababu ya mchana wake. Na ushauri anaopewa na kila anayempenda, "pumzika, usijichoshe", ndio unaolilisha tatizo hilo.

Kukosa usingizi baada ya saratani ya matiti si jambo la wachache. Ukiuliza kundi la manusura, kati ya theluthi moja na zaidi ya nusu watakwambia usingizi wao umeharibika: wanachelewa kusinzia, wanaamka mara nyingi, au wanafumbua macho saa tisa usiku na hawarudi tena. Wengi wamekaa hivyo miaka kadhaa baada ya dozi ya mwisho bila kumwambia daktari, kwa kuwa wanaona ni aibu kulalamikia usingizi baada ya kuokolewa maisha. Naomba aibu hiyo tuiache mlangoni. (Nao wanaume wapo: karibu mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani ya matiti ni mwanamume, na mengi nitakayosema yanamhusu pia.)

Chanzo kwa kawaida ni matibabu yenyewe. Kemotherapi huweza kuzima ovari ghafla, na mwanamke wa miaka 38 akaingia kwenye ukomo wa hedhi ndani ya miezi michache badala ya miaka. Tamoksifeni, dawa inayozuia kazi ya estrojeni, homoni ya kike, kwenye titi, huleta joto la ghafla na jasho la usiku. Dawa za kuzuia utengenezaji wa estrojeni, yaani letrozoli, anastrozoli na eksemestani, huleta hayo pamoja na maumivu ya viungo, hasa mikono na magoti, na ukakamavu wa asubuhi. Deksamethasoni inayotolewa pamoja na kemo kuzuia kichefuchefu na mzio humwacha mtu macho makavu hadi alfajiri, hasa akiimeza jioni. Kovu la upasuaji humnyima upande aliozoea kulalia. Na juu ya yote kuna hofu, ile inayozidi wiki moja kabla ya kipimo cha ufuatiliaji.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mambo hayo yanaanzisha tatizo, lakini mara nyingi siyo yanayoliendeleza. Kemo inaisha. Kovu linapona. Joto la ghafla linapungua kwa wengi. Lakini katikati ya matibabu mtu alijifunza namna mpya ya kuishi: kulala mchana kwa muda wa saa mbili, kupanda kitandani saa mbili usiku "ili nifidie", kukaa kitandani hadi jua limepanda, kuacha kutembea, kuacha kutoka nje. Ugonjwa umeondoka, ratiba ya mgonjwa imebaki. Ratiba hiyo ndiyo inayomkesha.

Kwa nini? Usingizi unaendeshwa na mambo mawili. La kwanza ni shinikizo la usingizi. Kila saa unayokaa macho, hasa ukiwa unatumia mwili, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo na kukuelekeza kwenye kulala. Inafanana na njaa: anayedokoa mchana kutwa atafika mezani jioni hana hamu, na anayelala alasiri kwa muda wa saa mbili atafika kitandani hana usingizi. La pili ni saa ya mwili, iliyo ndani ya ubongo, ambayo hupangwa upya kila siku na mwanga wa asubuhi, muda wa kuamka na muda wa kujongea. Mtu anayeshinda ndani, kwenye kochi, mapazia yamefungwa, anainyima saa hiyo vitu vyote inavyovitumia kujua kuwa sasa ni mchana. Matokeo yake ni mchana wenye usingizi nusu na usiku wenye kukesha nusu.

Mazoezi yanaingia kwenye njia zote mbili kwa pamoja. Yanaongeza shinikizo. Yakifanyika nje asubuhi, yanaiweka sawa saa ya mwili. Yanapandisha joto la ndani ya mwili, na kushuka kwa joto hilo saa kadhaa baadaye ni ishara mojawapo ya mwili kujiandaa kulala. Yanapunguza wasiwasi na sonona, ambazo ni wezi wakubwa wa usingizi. Kwa wale wanaoumwa viungo kwa ajili ya letrozoli na jamii yake, yanapunguza maumivu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa 2015 uliwafuatilia wanawake 121 wenye maumivu hayo kwa mwaka mmoja. Waliopangiwa dakika 150 za mazoezi ya moyo na mapafu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili, maumivu yao makali yalishuka kwa karibu asilimia 29. Ya wenzao hayakushuka. Anayepungukiwa na maumivu hageuki geuki kitandani.

Kuna kimoja ambacho mazoezi hayajathibitika kukifanya, nacho ni kupunguza lile joto la ghafla lenyewe. Mkisikia mtu anaahidi hivyo, mpunguzieni imani. Mazoezi yanaweza kumsaidia mwenye joto la ghafla kurudi usingizini haraka baada ya kuamshwa, maana shinikizo lake la usingizi ni kubwa. Dhidi ya joto lenyewe zipo njia nyingine, nitazigusa.

Tuje kwenye kipimo. Ninakiita kipimo kwa makusudi, kama cha dawa, kwa sababu "fanya mazoezi" bila kiasi ni ushauri usiomezeka. Mwaka 2018 jopo la kimataifa lililoitishwa na American College of Sports Medicine, chama cha Marekani cha tiba ya michezo, lilikaa kupitia ushahidi, na mapendekezo yake yakatoka 2019. Kwa upande wa usingizi walisema hivi: mazoezi ya moyo na mapafu ya kiwango cha kati, hasa kutembea, dakika 30 hadi 40, mara 3 au 4 kwa wiki, kwa wiki 12. Walisema pia wazi kwamba ushahidi kuhusu usingizi ni wa kiwango cha wastani, haujafikia nguvu ya ule unaohusu uchovu na wasiwasi. Na mazoezi ya nguvu peke yake hayakuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu usingizi. Yana kazi nyingine, tena kubwa.

Kiasi kina maana. Nchini Kanada, utafiti uliochapishwa 2014 uliwagawa wagonjwa 301 wa saratani ya matiti waliokuwa bado kwenye kemo. Waliofanya dakika 50 hadi 60, mara tatu kwa wiki, walilala vizuri kuliko waliofanya dakika 25 hadi 30. Sisemi kila mtu akimbilie dakika 60. Ninasema anayetembea dakika 10 mara mbili kwa wiki kisha akalalamika kuwa mazoezi hayamsaidii, bado hajayajaribu.

Kiwango cha kati ni kipi? Usihangaike na vifaa. Ukitembea, uweze kuzungumza sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukikatika katikati ya sentensi, punguza. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kukaa na 10 ni kufika mwisho wa uwezo, uwe kati ya 4 na 6. Mapigo ya moyo si kipimo cha kutegemea kwa manusura wengi, kwa sababu kemo, upungufu wa damu na dawa za shinikizo la damu huyabadilisha.

Kwa aliyekaa muda mrefu bila kujongea, mpango ninaoupendelea ni huu. Wiki ya 1 na ya 2, tembea dakika 10 hadi 15, siku 4 kwa wiki. Kuanzia wiki ya 3 weka dakika 20, kisha ongeza dakika 5 kila wiki: 25, 30, 35, hadi ufike 40 katika wiki ya 7. Baki hapo hadi wiki ya 12. Dakika 3 hadi 5 za mwendo wa taratibu mwanzoni na mwishoni hazihesabiwi. Asiyeweza dakika 10 mfululizo atembee dakika 3, apumzike 1, arudie mara tatu. Hiyo ni halali kabisa. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati, kwanza dakika, baadaye kasi. Mwenda pole hajikwai, na kwa manusura methali hii ina maana ya kitabibu: anayeongeza dakika na kasi na mlima katika wiki moja huishia kitandani siku mbili, halafu anahitimisha kwamba mwili wake hauwezi tena.

Utajuaje umezidisha? Uchovu wa mazoezi hupungua ndani ya saa moja au mbili. Ukiendelea hadi kesho yake, au ukiamka umechoka kuliko ulivyolala, rudi hatua moja nyuma kwa wiki nzima kisha jaribu tena. Usiache. Uchovu wa saratani ni wa ajabu kidogo: kupumzika hakuuondoi. Ndiyo maana mtu hulala kwa muda wa saa kumi na bado akaamka mzito. Kati ya vitu vyote vilivyojaribiwa dhidi yake, kujongea ni miongoni mwa vichache vilivyofanya kazi kweli.

Saa ya kufanya mazoezi. Kama unaweza kuchagua, chagua asubuhi, nje, ndani ya saa mbili baada ya kuamka, ili upate na mwanga. Alasiri pia ni nzuri. Jioni si haramu kwa watu wengi, mradi mazoezi ya kutoa jasho yaishe angalau saa mbili kabla ya kulala. Mwenye joto la ghafla la usiku aweke pengo la saa tatu, kwa sababu ukomo wa hedhi humfanya mtu awe na nafasi ndogo sana ya joto kupanda kabla mwili haujaanza kumwaga jasho, na kupanda kitandani mwili ukiwa bado wa moto kunaweza kuliamsha jambo hilo. Kunyoosha viungo taratibu au yoga nyepesi kabla ya kulala hakuna shida.

Na kwa kuwa nimetaja yoga: si ya watu wa mitindo tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2013 uliwahusisha manusura 410, robo tatu yao wakiwa wa saratani ya matiti, ambao usingizi wao ulikuwa mbovu. Waliohudhuria yoga laini mara mbili kwa wiki, dakika 75 kila mara, kwa wiki 4, usingizi wao uliboreka kuliko wa wale waliobaki na huduma ya kawaida, na matumizi yao ya dawa za usingizi yakapungua. Ilikuwa yoga ya kupumua, kukaa na kunyoosha polepole. Zile za chumba chenye joto kali manusura wa matiti aziepuke, hasa aliyeondolewa mitoki ya kwapani, kwa sababu joto linaweza kuchochea mkono kuvimba. Tai chi, mazoezi ya Kichina ya mijongeo ya polepole, nayo imepimwa ana kwa ana dhidi ya tiba bora zaidi ya kukosa usingizi, yaani tiba ya tabia na fikra nitakayoieleza baadaye. Katika matokeo yaliyochapishwa 2017, wanawake 90 waliotibiwa saratani ya matiti waligawanywa makundi mawili, wakafundishwa mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Ilipofika mwezi wa 15, asilimia 43.7 ya waliopata tiba ya tabia na asilimia 46.7 ya waliopata tai chi walikuwa wamepata nafuu ya maana. Ni sawasawa tu. Basi asiyependa kutembea asijione amekosa njia.

Mazoezi ya nguvu niliyasogeza kando kidogo, sasa nayarudisha. Yanalinda mifupa inayoliwa na dawa za kuzuia estrojeni, yanarudisha misuli iliyopotea kwenye kemo, na misuli hiyo ndiyo itakayokuwezesha kutembea dakika 40 bila kuvuta miguu. Fanya mara mbili kwa wiki, siku zisizofuatana. Harakati sita zinatosha: kuinuka kitini na kukaa bila kutumia mikono, kusukuma ukuta, kupanda na kushuka kidato, kuinua visigino, kuvuta mkanda wa mpira kuelekea kifuani, na kuinua uzito mdogo hadi usawa wa bega. Anza na seti moja ya marudio 10. Baada ya wiki mbili fanya seti 2 za marudio 8 hadi 15, ukipumzika dakika moja hadi moja na nusu katikati. Toa pumzi unapoinua, usizizuie.

Kuhusu mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji, kwa muda mrefu wanawake waliambiwa wasiinue kitu kizito maisha yao yote. Ushauri huo umepitwa. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mkono wao tayari ulikuwa umevimba kwa sababu ya limfu, yaani majimaji ya mwili, kukwama. Waliofundishwa kuinua uzito taratibu mara mbili kwa wiki hawakuvimba zaidi. Tena matukio ya hali kuwa mbaya yaliwapata asilimia 14 yao, ilhali kwa wasioinua yaliwapata asilimia 29. Siri ni neno "taratibu". Anza na nusu kilo. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ni nusu kilo kamili. Ongeza nusu kilo nyingine pale tu vipindi viwili mfululizo vimepita bila dalili yoyote mkononi. Dalili ni mkono kuwa mzito, ngozi kubana, pete au saa kuanza kukaza, alama za nguo kubaki kwenye ngozi. Ukiona mojawapo, acha mazoezi ya mkono huo, endelea kutembea na mazoezi ya miguu, na muone mtaalamu. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, hayo ni maambukizi: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukikatisha mazoezi wiki moja au mbili, usirudi kwenye uzito ulioachia, shuka. Wenye uvimbe tayari wavae kile kivazi cha mkono kinachobana wanapofanya mazoezi. Na kama upasuaji ni wa juzi, subiri ruhusa ya daktari wako wa upasuaji kabla ya kubeba uzito. Wiki za mwanzo ni za kuupeleka mkono juu ukutani kwa vidole, polepole, ili bega lisigande. Aliyejengewa titi upya ana masharti yake, hasa kama misuli ya tumbo au mgongo ilitumika.

Kuna watu wanaopaswa kupita kwa daktari kwanza, na hili sitalipitia haraka. Aliyepata doksorubisini au trastuzumabu, dawa ambazo huweza kudhoofisha moyo, akianza kukosa pumzi akijilaza chali, au miguu ikavimba, asitembee kwanza, apimwe moyo. Ambaye saratani yake imesambaa kwenye mifupa anaweza kufanya mazoezi, lakini lazima ijulikane ni mfupa gani, ili asiubebeshe mzigo. Mwenye mifupa iliyopungua asijikunje mbele kwa nguvu wala kusokota kiuno, maana uti wa mgongo huvunjika katika mikao hiyo. Mwenye ganzi ya nyayo kwa sababu ya paklitakseli au dositakseli hasikii ardhi vizuri: avae viatu imara, atembee mahali tambarare penye mwanga, au atumie baiskeli ya kusimama. Na aliye bado kwenye kemo, homa ikifika nyuzi 38, hakuna mazoezi. Ni hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa tuseme umefuata yote, wiki kumi zimepita, na bado unakesha. Nini kimeenda kombo?

Kosa la kwanza, na ndilo la kawaida zaidi: umeongeza mazoezi lakini hujapunguza kitanda. Unatembea dakika 40 asubuhi, halafu kwa kuwa umechoka unalala saa moja na nusu alasiri. Ulichokusanya umekitumia. Kama lazima ulale mchana, iwe dakika 20 hadi 30 kwa kengele, kabla ya saa tisa alasiri. Ndugu wa familia, hapa mna kazi: msimwamshe kwa ukali, lakini msimwache alale hadi magharibi kwa huruma.

Kosa la pili ni kupanda kitandani mapema. Chukua mfano: mtu anaingia kitandani saa tatu usiku, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa 9, dakika 540. Katika hizo amelala dakika 330. Gawa: ufanisi wa usingizi wake, yaani sehemu ya muda wa kitandani anayolala kweli, ni asilimia 61, na tunatafuta 85. Hana upungufu wa kitanda, ana ziada. Akisogeza kuingia kitandani hadi saa tano kasorobo na kuamka saa ile ile ya kumi na mbili, atakuwa na dakika 435. Akilala 375 tu kati ya hizo, amefika asilimia 86. Saa ya kuamka haibadiliki, hata baada ya usiku mbaya, hata siku ya mapumziko. Ningeambiwa nichague kanuni moja tu kati ya zote za leo, ningechagua hiyo.

Kosa la tatu ni mazoezi ya kulipia deni: hakuna kitu siku tano, kisha saa mbili kwa mkupuo mwisho wa wiki. Saa ya mwili haielewi malipo ya namna hiyo. La nne ni kuacha wiki ya tatu. Hali ya moyo na nguvu huanza kubadilika mapema. Usingizi huchelewa, na wiki za mwanzo maumivu ya misuli yanaweza hata kuuvuruga. Ndiyo maana nimesema wiki 12.

La tano si kosa bali ni ugonjwa mwingine uliojificha. Anayekoroma kwa nguvu, anayekatika pumzi usingizini, anayeamka na kichwa kinauma, hasa kama ameongezeka uzito tangu matibabu, anahitaji kupimwa. Kutembea hakutafungua koo lake. Anayesumbuliwa na miguu isiyotulia jioni apimwe akiba ya madini ya chuma. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole na sonona navyo hujifanya kuwa "uchovu tu".

Kwa wengine wote ambao tatizo la kukosa usingizi limezidi miezi mitatu, tiba ya kwanza inayopendekezwa kimataifa si kidonge. Ni tiba ya tabia na fikra kwa ajili ya kukosa usingizi, na mazoezi hukaa pembeni yake kama mshirika. Kiini chake mmeshakisikia nusu: kitanda ni cha kulala na tendo la ndoa tu, usipopata usingizi kwa kama dakika 20, inuka, kaa mahali penye mwanga hafifu, rudi ukisinzia, muda wa kitandani ufupishwe ufanane na muda unaolala kweli, lakini usishuke chini ya saa 5, kisha urefushwe kidogo kidogo. Kufupisha huku kufanywe chini ya usimamizi kwa mwenye kifafa au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na asiye na usingizi wa kutosha asiendeshe gari. Tiba ya namna hii, ikirekebishwa kidogo, imeonyesha pia kupunguza kero ya joto la ghafla kwa manusura wa saratani ya matiti.

Dawa za kupunguza joto hilo zipo, lakini chunga hapa. Homoni za ukomo wa hedhi kwa kawaida haziruhusiwi kwa aliyepata saratani ya matiti. Na baadhi ya dawa za sonona, hasa paroksetini na fluoksetini, huzuia kimeng'enya cha ini kinachogeuza tamoksifeni kuwa umbo lake lenye nguvu. Anayemeza tamoksifeni aulize kwanza. Venlafaksini ni mojawapo ya mbadala. Dawa za mitishamba nazo zitajwe kwa daktari, kwa jina. Na asiache tamoksifeni au letrozoli kimyakimya eti ili alale. Kubadili saa ya kumeza, au aina ya dawa, ni mazungumzo anayoweza kuyafungua kliniki.

Mnapokwenda huko, msiende na neno "silali" peke yake. Nendeni na karatasi ya wiki mbili: saa ya kuingia kitandani, dakika za kusubiri usingizi, mara ngapi umeamka na kwa nini, saa ya kutoka kitandani, usingizi wa mchana, dakika za mazoezi na saa ulizofanya, na dawa ulizomeza na saa zake. Ijazwe asubuhi, kwa makadirio, bila kutazama saa usiku. Kutazama saa usiku ni kujikesha kwa makusudi. Saa za mkononi zinazopima usingizi zinasaidia kuonyesha mwelekeo, ila huhesabu kulala kimya kuwa ni kulala. Wahudumu wanaweza kuongeza dodoso la Pittsburgh la ubora wa usingizi, lililotoka 1989: alama ni 0 hadi 21, na zaidi ya 5 ni usingizi mbovu. Ipimwe kabla ya kuanza kutembea, na tena wiki ya 12.

Karatasi hiyo ikiwa mkononi, maswali ya kumuuliza daktari ni matatu. Je, moyo wangu na mifupa yangu vina sharti lolote juu ya mazoezi haya? Je, kuna dawa yangu inayonikesha ambayo saa yake inaweza kusogezwa? Na je, nikimaliza wiki 12 bila nafuu, nani atanipima kukatika kwa pumzi au kunipa tiba ya tabia? Andikeni majibu nyuma ya karatasi ile ile. Nyuma ya ukumbi kuna nakala za kujaza kwa kila aliyefika, na wataalamu wa viungo watabaki kuwaonyesha zile harakati sita, tukianza na wenye mkono uliovimba.